Unga Usioyeyuka

Hakuna kitu cha unga kilichoingia jikoni kwa Adventina bila kupita kwanza kwenye glasi. Glasi yenyewe ilikuwa nene chini, ina maua mekundu yaliyofifia, nayo ndiyo pekee iliyobaki katika seti ya glasi sita aliyozawadiwa kigangoni siku ya jubilei ya ndoa yake. Chumvi ikinunuliwa, kijiko kimoja kinaingia humo na maji, kinakorogwa, kisha Adventina anaketi kwenye kigoda na kungoja. Sukari vivyo hivyo. Dawa ya minyoo ya ndama vivyo hivyo. Kinachopotea ndani ya maji ni kizuri. Kinachozama na kulala chini kimechanganywa, na mwenye duka atarudishiwa mzigo wake, hata kama duka liko Bunda.

Alikuwa na sababu zake. Mwaka mmoja wa ukame aliuziwa chumvi ya ng'ombe iliyotiwa chokaa ya kupakia nyumba, akazika jike lenye mimba. Tangu hapo aliiamini glasi kuliko midomo ya watu. Majirani wa kijiji chao cha Buswahili walimtania kwamba hata padri akimletea maji ya baraka atayakoroga kwanza.

Basi siku aliyorudi kutoka Musoma na dawa ya mumewe, hata kanga ya safari hakuivua. Alichota maji mtungini, akaiweka glasi juu ya stuli, akaikata ile pakiti kwa kisu.

Mumewe, mzee Wanzagi, alikuwa amekaa nje akiegemea ukuta wa zizi. Ugonjwa ulimwanza wakati wa kuvuna mtama. Kwanza nyama ilimkataa. Baadaye ugali wa muhogo, ambao maisha yake yote alikuwa akiumeza tonge kwa tonge kama anayejaza gunia. "Inakwama hapa," alikuwa akisema, akigusa chini kidogo ya koo. Sasa alibaki na uji mwepesi na maziwa, na mkanda wake wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari.

Daktari wa Musoma alimpapasa shingo, akamuuliza maswali mengi, kisha akaandika karatasi. Mzee apigwe picha huku anameza dawa nyeupe, ili njia ya chakula ionekane ilivyo. Picha za namna hiyo hupigwa Alhamisi tu, tena kila baada ya wiki mbili, mtaalamu wake anapokuja. Dawa imeisha stoo, wakanunue duka la nje, waje nayo.

"Alhamisi hii inayokuja msikose," daktari alisema. Hakumtazama Wanzagi, alimtazama Adventina. "Mama, msikose kabisa."

Adventina alikoroga. Maji yakawa meupe kama maziwa. Akaketi, akavuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua. Alipofika nusu ya ungo, unga wote ulikuwa umeshuka na kulala chini, mzito, umeshikana kama udongo wa kukandika ukuta, na juu yake maji yalikuwa maangavu kana kwamba hayajaguswa na kitu.

Akakoroga tena. Ukashuka tena.

Akakata limau. Tangu utotoni alijua kwamba ganda la yai likikamuliwa limau hutoa mapovu na kuanza kulika. Akakamua nusu nzima ndani ya glasi, akainama mpaka pua ikakaribia ukingo. Hapakuwa na povu hata moja. Unga ulilala vilevile.

Mwishowe akatoa kabatini chumvi ya haluli, ile anayokunywaga mwenyewe tumbo likifunga, akatia kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji. Mizunguko mitatu tu ya kijiko, ikapotea yote. Akavitazama vyombo viwili vile vimekaa sambamba.

"Hii ndiyo dawa," alisema peke yake, akigusa kikombe. "Ile pale ni nini?"

Jumatatu alipanda bodaboda mpaka Nyamuswa, pakiti ameifunga kwenye pindo la kanga. Machibya, mwenye duka la dawa za mifugo, alikuwa mtu wake wa siku nyingi. Alipomwona mlangoni akaanza kucheka kabla ya salamu.

"Shikamoo, mama Boke. Leo glasi imekamata nani? Kama ni mimi, nifunge duka nikimbie."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Acha masihara. Nisomee hii."

Machibya alivaa miwani, akaisogeza pakiti kwenye mwanga. Kicheko kikamfutika usoni.

"Nani kakupa hii?"

"Nimenunua Musoma. Ni ya baba Boke. Aimeze, halafu apigwe picha."

"Aimeze!" Machibya aliiweka pakiti juu ya meza, akajifuta vidole kwenye suruali. "Mama, hapa pameandikwa bariamu. Mimi zamani nilikuwaga nauza sumu ya panya yenye jina hilihili. Unga mweupe hivihivi. Mbuzi wa jirani alilamba kidogo tu, hakufika jioni."

"Pengine siyo hiyo."

"Mimi udaktari sijasoma, lakini bariamu naijua. Mzee wa miaka sabini na moja, hali chakula, mwili umekwisha, umpe kikombe kizima?" Akashusha sauti. "Na hebu niambie, kwenye glasi imefanyaje?"

"Imezama."

"Unaona sasa!"

Adventina aliifunga tena pakiti kwenye pindo. Njiani pikipiki ilipita kwenye mashamba ya pamba, naye hakuona hata mche mmoja. Angeweza kupanda gari kwenda Musoma kumuuliza daktari. Lakini aliona haya, yeye mwanamke wa darasa la saba, kumwambia mtu aliyesoma kwamba dawa yake ni sumu. Na chini ya haya hiyo ilikuwepo hofu kubwa zaidi: kwamba daktari angemjibu kwa maneno mazuri, yeye angekubali, na mumewe angekufa kwa kikombe alichokishika mkewe mwenyewe.

Jumatano mchana Wanzagi alimkuta akimwagia kuku mtama.

"Mama Boke, shati langu jeupe limepigwa pasi? Kesho safari."

Adventina hakugeuka. "Wamepiga simu hospitali. Mashine imeharibika. Watatuita."

Wanzagi aliwatazama kuku wakidonoa. "Haya," alisema, akarudi kwenye ukuta wake.

Alhamisi ikapita. Adventina aliisokomeza pakiti nyuma ya sanduku la nguo, na kila alipoingia chumbani kuchukua kitu aliona kama sanduku linamtazama. Uji ulianza kumshinda Wanzagi, ikabidi uchujwe kwa kitambaa. Akinywa, alikohoa mpaka macho yakatoka machozi, kisha akatabasamu ili mkewe asiogope. Hakuuliza habari za mashine. Hilo lilimtesa Adventina kuliko kama angeuliza.

Siku ya kumi na mbili baada ya Alhamisi ile, Prudence alirudi. Huyu alikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari ya kata, mpangaji wao wa chumba cha mwisho, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye kicheko cha karibu. Alikuwa Musoma kusahihisha mitihani. Alileta sato wawili wa kukaanga na habari nyingi, lakini alipomwona Wanzagi kwenye kiti chake zile habari zikaishia mdomoni.

"Bibi," aliuliza walipobaki wawili jikoni, "babu kapigwa picha?"

Adventina alikwenda chumbani, akarudi na pakiti. "Nisomee, mwalimu. Unieleze wewe."

Prudence alisoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma. "Bariamu salfeti. Ndiyo yenyewe. Mbona imekatwa na bado imejaa?"

Adventina akamweleza yote. Glasi, limau, Machibya, mbuzi, mashine iliyoharibika kwa mdomo wake. Alieleza polepole bila kuruka kitu, kama anayeungama. Alipomaliza, Prudence alikuwa ameziba uso kwa mikono.

"Bibi, hii si sumu."

"Machibya anaijua."

"Machibya anajua nyingine. Hajasema uongo, ila..."

"Maneno ni yako, mwalimu, na wewe nakupenda. Lakini hata Machibya ana maneno. Mimi nataka nione kwenye glasi."

Prudence alimtazama, akatikisa kichwa, akacheka kidogo bila furaha. "Haya. Kesho asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia. Beba glasi yako."

Maabara ya sekondari ilikuwa chumba kirefu chenye meza za zege na harufu ya mafuta ya taa. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa ya vijumba vya rangi. Prudence aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa kusimama.

"Hawa ni ukoo mmoja, bibi. Wako sita. Wa juu beriliamu, halafu magnesiamu, kalsiamu, stronsiamu, bariamu, na kitindamimba radiamu. Kila mmoja ana elektroni mbili za nje, tuseme vitu viwili vidogo anavyopenda kuwapa wengine. Wa juu ni mdogo, amevikumbatia karibu na moyo. Kadiri unavyoshuka wanakuwa wakubwa, vile viwili vinakaa mbali, wanaviachia upesi. Magnesiamu ukimtia kwenye maji baridi utadhani amelala. Kalsiamu anatoa mapovu hapohapo. Bariamu anachachamaa kabisa."

"Basi huyo bariamu ndiye mkorofi wa ukoo."

"Akiwa peke yake. Lakini hawa hawapatikanagi peke yao, daima wameoana na kitu. Ganda la yai ni kalsiamu aliyeoana na kaboneti. Chumvi yako ya haluli ni magnesiamu aliyeoana na salfeti. Sasa sikia. Ndoa za salfeti katika ukoo huu zina tabia yake. Ya magnesiamu inayeyuka upesi, umeiona mwenyewe. Ya kalsiamu, lile jasi wanalomfungia aliyevunjika mguu, inayeyuka kidogo sana. Ya stronsiamu kidogo zaidi. Ukifika kwa bariamu, imegoma."

"Na sumu ya Machibya?"

"Bariamu huyohuyo, ndoa nyingine. Ameoana na kaboneti. Kwenye maji nayo inazama, lakini tumboni mna asidi. Ikikutana na asidi ile ndoa inavunjika, bariamu anabaki ameyeyuka, anaingia kwenye damu. Hapo ndipo anaua. Huyu wa hospitali hata asidi haimwachanishi. Anaingia mweupe, anapita mweupe, anatoka mweupe. Mwili haupati hata chembe ya maana. Wamemchagua kwa sababu hayeyuki, bibi."

Adventina alikaza macho. "Nionyeshe."

Prudence alivaa glavu. Alishusha chupa yenye alama ya fuvu, akamimina kidogo kwenye bomba la kioo. Yalikuwa maangavu kama ya kisimani. "Hii ni bariamu iliyoyeyuka. Ndiyo ya kuogopa. Usiiguse." Akachukua chumvi ya haluli ya Adventina, akaiyeyusha kwenye glasi yenye maua, akadondosha tone moja katika bomba. Pale tone lilipoangukia, wingu jeupe lilizaliwa. La pili, la tatu. Bomba zima likawa kama maziwa, na polepole, mbele ya macho ya mwanamke aliyezoea kungoja, weupe ukaanza kushuka na kulala chini.

"Ndiyo huu," Adventina alinong'ona.

"Ndiyo huu. Bariamu amepata salfeti. Sasa asidi, jamii ileile iliyomo tumboni." Akatia. Akatikisa. Unga ukapanda, ukashuka, ukalala. Kwenye bomba jingine akaweka kipande cha ganda la yai, akatia asidi ileile. Mapovu yakafoka mpaka juu.

Kisha akachota ncha ya kijiko kutoka kwenye pakiti ya Musoma, akaitia bomba la tatu, akaongeza asidi. Wote wawili waliinama. Adventina alisikia pumzi yake mwenyewe.

Hakuna povu.

"Ingekuwa ya panya ingefoka kama yai," Prudence alisema. "Kesho mtaalamu naye ataikagua pakiti kabla ya kumpa babu, usiache kumwambia imekatwa. Lakini, bibi, si ulisema uliikamulia limau?"

"Niliikamulia."

"Ikafanyaje?"

Adventina alikuwa ameketi kwenye stuli ya wanafunzi, mikono mapajani, akiitazama glasi yake juu ya meza ya zege. Siku ile ilimwambia kila kitu. Ilimwambia si chokaa, si ganda la yai, si ile ya mbuzi. Yeye ndiye aliyekuwa na swali moja tu la kuiuliza glasi kwa miaka yote ile, na jibu lake alikuwa nalo tayari.

"Wiki mbili, mwalimu," alisema hatimaye. "Nimekaa na unga nyuma ya sanduku wiki mbili, mtu anakauka."

Prudence alimshika bega. Hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Alhamisi walifika Musoma mapema, Wanzagi amevaa shati jeupe ambalo sasa lingewatosha wawili kama yeye. Mtaalamu wa picha, kijana mpole aliyeitwa Edwin, alisikia habari ya pakiti iliyokatwa, akaikagua, akaiweka pembeni na kufungua mpya, maana safari hii stoo ilikuwa nayo. Akakoroga kikombe kizito, cheupe, akampa Adventina ashike wakati anaandaa mashine.

Adventina akakivutia kikombe kifuani. Matone yakamdondokea kwenye kanga.

"Kuna nini?" Wanzagi aliuliza.

"Baba Boke, mashine haikuharibika. Nilikudanganya. Niliambiwa hii ni sumu, nikaificha."

Wanzagi aliutazama ule weupe.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Simu yako ilikuwa imezimika tangu Jumapili ile, mama Boke. Ilikaa kwa kinyozi ikichajiwa mpaka Ijumaa. Hospitali wakupigie kwa njia gani, kwa tarumbeta?"

"Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza." Akashusha macho. "Nilifurahi. Niliogopa watakachokiona. Nikasema, kama mke wangu hataki niende, basi si mimi niliyekimbia."

Wanzagi alinyoosha mkono, akakigusa kikombe.

"Imezama kwenye glasi?"

"Imezama."

"Na mwalimu anasemaje?"

"Anasema ndivyo inavyotakiwa. Nimeona kwa macho yangu."

"Kama umeona wewe," alisema, "lete hapa."

Alisimamishwa mbele ya ubao wa mashine. Adventina aliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo. Kwenye skrini mbavu za mumewe zilionekana kama fito za dari, na katikati palikuwa na kivuli tu. "Meza, mzee," Edwin aliita. Kitu kikashuka kikiwa kinene kama kidole, kinaonekana wazi kabisa. Kikafika mahali fulani, kikasimama. Kikajaa, kikatanuka juu ya mahali pale kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa, halafu uzi mmoja mwembamba, wenye kingo za kukwaruza, ukapenya kwenda chini. "Meza tena." Kikasimama tena palepale.

Edwin alipiga picha nyingine, na nyingine.

Daktari alikaa na picha muda mrefu, kisha akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa ya Mwanza, Jumatatu, kwa kipimo cha kamera. Pamebana, alisema. Kwa nini pamebana ni kamera itakayosema, na huenda wakakata kinyama wakipime. Wanzagi alipotoka kwenda kunawa mdomo, Adventina alibaki kitini.

"Daktari, zile wiki mbili. Zimeharibu?"

Daktari alivua miwani. "Siwezi kukuambia, mama. Ningekuwa na picha ya siku ile ningelinganisha. Sina."

Hakumlaumu. Adventina angependa alaumiwe, apate pa kuegemea.

Nesi aliwaagiza mgonjwa apewe maji mengi, kidogo kidogo, ili ile dawa isimgandie tumboni. Kwa hiyo Ijumaa mchana, Buswahili, Adventina alikuwa amekaa na ndoo, glasi na kijiko tangu asubuhi, Wanzagi alipotokea upande wa choo akijishikilia ukuta.

"Mama Boke! Imetoka. Nyeupe kama ya kuku."

"Yote?"

"Unataka niikoroge?"

Prudence, aliyekuwa akifua, alicheka mpaka akaangusha sabuni. Adventina naye alijikuta ameziba mdomo kwa kanga. Kisha kicheko kikakatika, maana Wanzagi alipoketi alichukua muda kuipata pumzi, na mifupa ya mabega ilionekana kupitia shati.

Alichota maji kwa glasi yenye maua, maji matupu. Akajaza kijiko, akakipeleka mdomoni mwa mumewe, akatazama koo likipanda na kushuka. Sasa alipajua mahali penyewe, aliweza kupagusa kwa kidole kifuani. Akangoja.

"Imepita?"

"Bado."

Kwenye kamba shati jeupe la Jumatatu lilikuwa linakauka.

"Sasa?"

"Imepita."

Akajaza kijiko kingine.